Obwocha na Tope la Josho

Alfayo Obwocha alikuwa mtu wa josho. Hapa Nyansiongo hakuna aliyemtaja kwa ukoo wake. Mgeni akiuliza aliambiwa, "Obwocha wa josho? Shuka na ua wa mikarakara mpaka uone ukuta wa saruji, hapo ndipo kwake." Mimi ni jirani yake wa chini. Tumepakana kwa mtaro tu, na kwa miaka mingi tumekaa benchi moja kanisani, kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengi niliyaona, na mengine aliniambia mwenyewe tukifungua ng'ombe au tukitoka ibadani.

Alikuja huku kutoka upande wa Kenyenya akiwa kijana, wakati Borabu bado ilikuwa mashamba ya wazungu. Mzungu aliyemwandika kazi alimweka kwenye josho, na mzungu alipouza shamba na kwenda, josho lilibaki na Obwocha akabaki nalo. Wagusii waliogawiwa ardhi wakaunda kamati, kamati ikamwambia aendelee. Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni na fimbo ndefu yenye panda mbele. Ng'ombe anaruka ndani, anaogelea, na Obwocha anamsukuma kichwa kwa ile panda mpaka azame kidogo, kupe wa masikioni wafe. Siku za josho tulimsikia kutoka mbali akiita ng'ombe wa watu kwa majina, kama mwalimu anayeita darasa.

Dawa ya miaka ile ilinuka kama mti wa paini uliokatwa sasa hivi. Haikuwa harufu mbaya. Mke wake, Mong'ina, alikuwa akisema kwamba yeye aliolewa na paini, maana harufu haikutoka kwenye shati hata ukilifua mara ngapi. Obwocha alikula chakula chake cha mchana pale pale ukutani, na kama mikono ilikuwa na udongo aliinawa kwa maji ya josho. Nani angemkataza? Tuliambiwa dawa inaua kupe tu.

Tope lilipojaa chini ya josho, lilichotwa kwa debe na kumwagwa upande wa chini. Mwaka hadi mwaka likawa kilima. Chini ya kile kilima, kama mwendo wa kutupa jiwe, ndipo ilipo chemchemi ambayo Obwocha na nyumba nyingine za upande ule huchota maji.

Serikali ilipoacha kuleta dawa, josho likafungwa. Watu wakanunua pampu za mkono, kila mtu akawa ananyunyizia ng'ombe wake nyumbani. Obwocha alibaki na ufunguo wa geti ambalo halikuwa na la kufunga. Alikuwa na binti walioolewa na mtoto mmoja wa kiume, Onsongo, aliyejengewa nyumba hapo hapo bomani kama ilivyo desturi. Onsongo alioa msichana wa Marani anayeitwa Sheila, mwenye kucheka kwa sauti, na Mong'ina alimpenda kuliko alivyowapenda binti zake, akalisema hilo mbele yao.

Mimba ya kwanza ya Sheila ilitoka ikiwa kubwa. Ya pili ilifika mwisho, mtoto akazaliwa amekufa. Hakuna aliyejua sababu, na hata leo siwezi kusema ninaijua. Ninasema tu kwamba baada ya yule wa pili, Sheila aliacha kucheka.

Mwaka huo huo, tisini na nne, ndipo alipokuja Shruti.

Shruti ni binti wa Kirit, Mhindi mwenye duka mjini Kisii linalouza mbegu, majembe na dawa za mifugo. Tulimjua baba yake sisi sote, na yeye tulimjua kama mtoto aliyekuwa akikaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe akisoma. Alikuwa amezaliwa Kisii na Kigusii chake kilitosha kugombana sokoni. Sasa alikuwa anasoma chuo kikuu Nairobi, na walimu wake walikuwa wanazunguka kwenye majosho ya zamani kupima tope. Alikuja na pikapu ya baba yake, Kirit mwenyewe akiendesha, na sanduku la chupa.

"Tata," alimwambia Obwocha, akimwita baba kama mtoto wetu yeyote angemwita mzee, "nataka tope kidogo, na maji ya pale chini."

"Tope ni lako lote," Obwocha alisema. "Na bado litabaki."

Kirit hakushuka kwenye gari. Alishusha kioo na kusema, "Obwocha, rafiki yangu, mimi ile dawa niliiuza kwa kibali. Kila pipa. Mwambie huyu."

"Hakuna aliyekuuliza, baba," Shruti alisema.

"Ndiyo maana nasema kabla sijaulizwa."

Majibu yalipokuja, Shruti aliyaleta mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda jikoni kwa Mong'ina, Onsongo na Sheila wakiwapo, akaeleza polepole. Ile dawa ya paini ilikuwa kwenye kilima cha tope na ilikuwa kwenye maji. Zamani, alisema, watu waliosoma waliamini inaisha kwa jua na mvua. Ni miaka ya karibuni tu ndipo ilipogunduliwa kwamba haiishi. Inakaa ardhini, inaingia kwenye nyasi, inahifadhiwa kwenye mafuta ya ng'ombe na kwenye mafuta ya mtu.

"Ndiyo iliyoua watoto wangu?" Sheila aliuliza.

Shruti alimgeukia. "Siwezi kusema hivyo. Hakuna mtu anayeweza kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mimi nisingekunywa."

Wiki haikupita Onsongo akamfuata baba yake zizini. Sheila alikuwa mjamzito tena, mimba changa. Onsongo ni mtu mpole, na nilimsikia kutoka upande wangu wa mtaro kwa sababu hakujua nipo.

"Tata, sitaki tubishane. Sheila anakwenda kwa mama yake Marani, nami nitamfuata. Nitapanga chumba pale sokoni, nitengeneze baiskeli."

"Mtu mwenye shamba anapanga chumba?"

"Mtu mwenye maji haya, ndiyo."

Obwocha alimwuliza kama wangerudi maji yakipona. Onsongo akasema wangerudi. Akasema Shruti akileta karatasi ya kipimo kwamba tope halina dawa tena, au hata kwamba dawa inapungua, atamleta mkewe na mtoto siku hiyo hiyo. Obwocha akasema, "Basi." Kuanzia hapo hakuwa na neno lingine maishani. Kila alichofanya miezi iliyofuata alikifanya kwa ajili ya ile karatasi.

Tope haliwezi kuchomwa wala kuhamishwa, maana popote utakapolipeleka pana mtu wa chini yake. Shruti ndiye aliyeleta njia. Alisema ndani ya tope lenyewe mna vijidudu, vidogo kupita kuonekana, na vingine vinaweza kuila ile dawa na kuivunja mpaka isiwe dawa. Lakini ni vichache na vina njaa, na havifanyi kazi hiyo mahali penye hewa. Ukivitia kwenye shimo, ukavifunika kwa maji visipate hewa, ukavipa chakula chenye nguvu, vitaongezeka na vitakula. Chakula kilichoonekana kufaa kuliko vyote, alisema, ni damu ya ng'ombe iliyopikwa na kukaushwa, ikichanganywa na samadi.

Aliwahi kuijaribu kwenye mapipa nyuma ya stoo ya baba yake. Lile lisilotiwa damu lilibaki vile vile. Lile lenye damu, zaidi ya nusu ya dawa ilikuwa imekwisha. Obwocha alikwenda Kisii kuliona kwa macho, ingawa hapakuwa na cha kuona ila maji meusi. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alichukua jembe akaanza kuchimba kando ya ukuta wa josho.

Sisi Wasabato hatuli damu. Hatuigusi kama tunaweza kuiepuka, na Obwocha alikuwa shemasi. Shruti naye kwao hawali nyama kabisa, hata yai. Hao wawili ndio waliokaa uwanjani pa josho siku kadhaa wakipika damu kwenye pipa lililokatwa nusu. Shruti alifunga pua kwa mtandio, macho yakimtoka machozi, akikoroga kwa mwiko wa mti. Obwocha alitazama pembeni akisukuma kuni.

Damu iliwafikia kwa mkono wa Ochoki. Ochoki ni Mkatoliki, mchinjaji pale kichinjioni Nyansiongo, na hakuna rafiki Obwocha aliyekuwa naye wa kumshinda. Aliileta kwa mitungi ya plastiki juu ya baiskeli, akasimama kuwacheka.

"Huyu hali hata kuku," alisema, "na huyu akiona tone kwenye sufuria anaimwaga. Halafu ndio wapishi. Mimi ninayekula ndiye nimewekwa nje ya jiko."

"Ochoki, ondoka na kelele," Obwocha alisema.

"Nipe basi nionje, nikwambie kama chumvi imekolea."

Shruti alicheka mpaka akaacha kukoroga. Nadhani ile ndiyo siku ya mwisho niliyosikia kicheko pale.

Ile damu ilianikwa kwenye magunia, ikawa kama unga wa kahawia. Obwocha alitandika shimo kwa nailoni nyeusi iliyotoka dukani kwa Kirit, akachota kile kilima chote cha tope kwa karai, peke yake, siku baada ya siku, akakimwaga ndani akitia samadi na ule unga kila tabaka. Mgongo ulimpinda. Mwisho akajaza maji mpaka tope likazama, akafunika kwa nailoni nyingine na kukandamiza kingo kwa udongo na mawe. Shruti alimwambia jambo moja na akalirudia: pasifunuliwe. Hewa ikiingia, vile vinavyofanya kazi vitakufa. Yeye angerudi Desemba na chupa zake.

"Na mtu akitaka kuona?" Obwocha aliuliza.

"Mwambie hakuna cha kuona, tata."

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Watu walijua damu inakwenda kwa Obwocha. Ochoki hakuificha, na pipa lilinuka mpaka barabarani. Halafu damu ikaingia shimoni, shimo likafunikwa, na mwenye shimo akakataza mtu yeyote kulifunua. Miaka ile mnaikumbuka. Neno moja tu la mtu lilitosha, kwamba fulani ni omorogi, mchawi, na watu walikuwa wakichomwa ndani ya nyumba zao pamoja na wake zao. Nyansiongo yetu ilikuwa bado haijafika huko, lakini kila mtu alijua jinsi mambo hayo yanavyoanza. Yanaanza kwa wanawake kubadilisha njia ya kwenda mtoni. Wakaanza kuibadilisha. Na watoto wawili wa Sheila, ambao kila mtu alikuwa amewalilia, sasa wakaanza kuhesabiwa upande wa babu yao.

Kanisa lilimtuma mzee Onyancha kumwuliza. Mzee Onyancha si mtu mkali. Alikwenda Jumapili asubuhi, nami nilifuatana naye kwa sababu aliniomba. Alikaa, akaomba, akauliza habari za ng'ombe, kisha akasema:

"Ndugu Obwocha, unalisha nini mle ndani?"

"Vijidudu."

"Umeviona?"

"Havionekani."

Mzee Onyancha alitazama kofia yake. "Basi unalisha kisichoonekana," alisema. "Na unakilisha damu."

Obwocha alifungua mdomo kujibu, nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa amelisikia jibu lake kama wanavyolisikia wengine. Akajaribu kueleza habari ya hewa, na paini, na mapipa ya Kisii, lakini alikuwa mtu wa darasa la tatu tu, kama mimi nilivyo wa la saba, na maneno ya Shruti yalipotoka kinywani mwake yalikuwa hayana uzito. Mzee Onyancha alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema kanisa halimshtaki kwa lolote, ila apumzike ushemasi mpaka jambo lieleweke, na kwamba makambi ya Agosti yangekuwa mahali pazuri pa kuomba pamoja na ndugu.

Makambi yetu ni juma zima. Watu huhamia kwenye uwanja, hulala kwenye mahema na madarasa ya shule, hupika pamoja na kusikiliza mahubiri kutwa. Obwocha hakutaka kwenda. Hakutaka kuliacha shimo. Mong'ina ndiye aliyemshika shati. "Usipokwenda," alimwambia, "watasema unaogopa madhabahu." Kwa hiyo alikwenda, na tulilala hema moja. Kila asubuhi alipoamka alitazama mbinguni kwanza, maana mvua kubwa ingeweza kujaza shimo.

Mbinguni hapakuwa na neno. Hatari ilikuwa kwa rafiki yake.

Ochoki, kwa kazi yake, alikaa na watu wa kila namna. Juma lile alikaa mahali vijana wanapokunywa, akasikia jina la Obwocha likitajwa kwa sauti ya chini, na akasikia mtu akiuliza kama nyumba yake ina mlango wa nyuma. Hakulala usingizi. Asubuhi alikwenda kwa naibu wa chifu, mtu anayeitwa Obwocha pia lakini wa ukoo mwingine, akamwambia kwamba damu ile aliitoa yeye na kwamba shimoni hamna kichwa cha mtu wala mkono wa mtoto, ila tope.

"Nitaaminije?" naibu aliuliza.

"Tufungue. Watu wote waone."

"Tumsubiri mwenyewe arudi."

"Akiwapo watasema ameondoa kitu usiku. Tufungue hayupo."

Ukilifikiria, Ochoki alikuwa na haki. Kwetu hakuna njia nyingine ya kumtoa mtu kwenye neno lile. Huwezi kumtoa kwa kusema. Lazima macho ya watu wengi yaone pamoja, mchana, na mwenyewe asiwepo. Alichokifanya alikifanya kwa upendo, na kwa ujasiri, maana kama watu wangekasirika wangeanza na yeye aliyeleta damu.

Siku ya Alhamisi walikusanyika joshoni, Wakatoliki kwa Wasabato waliobaki nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Ochoki alivuta nailoni mwenyewe. Maji yalikuwa meusi kama lami na harufu iliyotoka iliwarudisha watu nyuma. Huwezi kuona chini ya maji ya namna ile. Mtu akasema kichwa kinaweza kuwa pale pale chini. Basi wakachimba mtaro upande wa mteremko, wakakata nailoni, maji yakatoka. Tope likabaki. Wakaingia na majembe na karai, wakalitoa lote, wakalitandaza kwenye nyasi, wakalipekua kwa reki mpaka kila mtu akaridhika. Hawakupata hata mfupa.

Watu walishangilia, na wapo walioona haya. Mama mmoja aliyekuwa amebadilisha njia ya mtoni alilia mbele ya watu. Naibu wa chifu alisema kwa sauti kwamba Obwocha wa josho ni mtu safi, na yeyote atakayetaja neno lile tena atalala ndani. Kisha mvua ndogo ikanyesha, na watu wakaenda makwao wamefurahi.

Sisi tulirudi Jumapili. Kutoka barabarani watu walianza kutupokea. Waliacha majembe, wakaja kumshika Obwocha mkono kwa mikono miwili. Mmoja akamwambia, "Tumekukosea, mzee wetu." Mwingine akamletea ndizi. Obwocha hakuelewa, akawa anaitikia tu, anacheka kidogo kwa aibu kama bwana arusi. Nilidhani, naye nadhani alidhani, kwamba maombi ya makambi yamejibiwa kabla hatujafika.

Ochoki alikuwa anamsubiri kwenye geti la josho. Alimkumbatia.

"Rafiki yangu," alisema, "umetoka. Sasa unaweza kulala na mlango wazi."

"Nimetoka wapi?"

"Njoo uone."

Nilimwona Obwocha akilitazama lile shimo tupu, na nailoni iliyokatwa, na tope lililotandazwa kwenye nyasi mpaka kwenye mteremko, jembamba, limeanza kukauka na kupasuka juani. Mtaro ulikuwa umechimbwa vizuri, kwa kazi ya watu wengi. Ulikuwa umenyooka mpaka chini. Akaufuata kwa macho mpaka kwenye chemchemi.

Watu walikuwa nyuma yake wakingoja aseme kitu. Akageuka. Alimtazama Ochoki kwa muda, na Ochoki alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilianza kumchoka usoni.

"Asanteni," Obwocha alisema. "Asanteni sana."

Akaenda nyumbani.

Shruti alifika Septemba baada ya kupelekewa habari. Alitembea juu ya lile tope, akajaza chupa zake. Majibu yalisema dawa kwenye chemchemi ilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Kwenye tope lililobaki ilikuwa imepungua kidogo, na hapo Shruti alilia, kwa sababu maana yake ni kwamba vijidudu vilikuwa vimeshaanza kula.

"Tuanze upya," Obwocha alimwambia. "Nitachimba tena."

"Tope limeshaingia kwenye nyasi, tata. Utaikusanya nyasi yote? Na kule chuoni wamesema fedha zilikuwa za shimo moja tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni kungoja."

"Mpaka lini?"

Alimwambia. Ni miaka mingi kuliko aliyobakiwa nayo mtu wa umri wake. Januari iliyofuata Shruti aliolewa akaenda ng'ambo. Baba yake bado yupo dukani, na ukimsalimu husema binti yake alikuwa na akili sana.

Ochoki alipoelewa alichokifanya aliacha kuja. Obwocha ndiye aliyemfuata. Aliniambia alikwenda kumwambia kwamba hana neno naye, na kwamba Ochoki alikuwa nyuma ya kichinjio akinoa kisu, akaendelea kukinoa muda wote bila kuinua macho. Wanasalimiana.

Kanisa lilimrudishia ushemasi.

Alijaribu kuizungushia chemchemi seng'enge. Aliitoa kwenye ua wa josho, akasimamisha nguzo, akawaambia watu wachote mtoni. Mto uko mbali na mlima wa kurudi ni mkali. Watu wakamheshimu kwa siku chache, maana walikuwa wamemkosea. Halafu waya zikakatwa. Akazifunga. Zikakatwa tena. Kijana mmoja alimwambia usoni, "Mzee, tuliona shimo lako ni tope tu. Sasa tena maji yana nini? Na yenyewe hayaonekani?" Watu wakacheka, si kwa ubaya. Baada ya hapo alikuwa akienda kukaa tu karibu na chemchemi asubuhi, akiwaambia wanawake kwamba maji hayafai. Wanawake walimwamkia kwa adabu, wakamwuliza hali ya Mong'ina, wakachota, wakaenda.

Mwanzoni alichota mtoni yeye mwenyewe, kwa ajili ya nyumba yake. Lakini mgongo uliopindika wakati wa kuhamisha tope haukunyooka, na Mong'ina ana magoti mabaya.

Mwishoni mwa Oktoba ya mwaka ule wa makambi, Onsongo alikuja kutoka Marani kwa baiskeli. Sheila alikuwa amejifungua msichana, na mtoto alikuwa hai, ananyonya vizuri, ana nywele nyingi. Mong'ina alipiga vigelegele mpaka sisi majirani tukaja. Nyumba ikajaa. Mzee Onyancha aliomba. Wanawake walimwimbia Mong'ina, bibi wa mtoto. Kila mtu alikuwa anamwuliza Onsongo lini atamleta mtoto tumwone, na Onsongo alikuwa anasema ataona, ataona, bila kumtazama baba yake.

Mong'ina aliinjika sufuria kubwa ya chai. Nilimwona akichota maji kwenye mtungi uliokuwa mlangoni, na kila mtu pale alijua mtungi ule ulijazwa wapi, kwa sababu nyumba zetu zote zilijaza kule chemchemini. Vikombe vikazunguka. Onsongo alipokea chake kwa mikono miwili, akakiweka chini ya kigoda, na hakukigusa tena. Hakuwa anatuonyesha lolote. Alikaa tu amekiweka pale.

Kabla giza halijaingia alisimama. Obwocha alimsindikiza mpaka geti la josho, akishika baiskeli upande mmoja.

"Umempa jina gani?" aliuliza.

"Mama yake Sheila ndiye aliyempa. Kwao kule."

"Vizuri."

"Tata, njoo umwone. Njoo Marani hata kesho. Nitakununulia nauli."

"Nitakuja."

Onsongo alipanda baiskeli akaenda. Obwocha akarudi ndani, ambako watu walikuwa bado wanaimba. Alikaa kwenye kigoda ambacho mwanawe alikuwa amekalia. Mong'ina, aliyekuwa na furaha na asiyeona vizuri kwa moshi, alikikuta kikombe chini ya kigoda kimejaa na kimepoa. Alikimwaga, akatia chai nyingine ya moto, akampa mume wake mkononi. Obwocha alikipuliza kidogo, akanywa.